Spika za Hillevi na Mguu wa Taisto

Hillevi Rautakoski alipeleka barua katika kijiji chetu cha Ylipää, huku Finland, miaka thelathini na minne, na miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Alibeba maneno ya wenzake tu: barua za mapenzi, bili za umeme, kadi za Krismasi, taarifa za misiba. Aliyatia kwenye visanduku vya kandokando ya barabara, akawasha gari, huyo akaenda zake. Ndiyo maana siku aliyotangaza mezani, viazi vikiwa bado vinafuka mvuke, kwamba ametunga wimbo wa tango, ile dansi ya kushikana wawili wawili, na anataka kuurekodi mwenyewe, mumewe Taisto aliacha kutafuna.

"Wewe?"

"Mimi. Kwani sina mdomo?"

Taisto akameza. Akafikiri. "Sawa tu," akasema, akajiongezea siagi.

Hapo pa "sawa tu" inabidi nisimame kidogo. Bonde letu hili halina watu wa kusifu. Mtu akikuambia kitu chako ni sawa tu, huwezi kujua kama amekipenda, amekichukia, au alikuwa anawaza mambo ya shamba. Na Taisto ndiye bingwa wetu. Mwaka fulani Hillevi alipitiwa, akatia chumvi kwenye kahawa ya mumewe badala ya sukari. Mzee akainywa mpaka tone la mwisho, uso mkavu. Alipoulizwa kahawa ilikuwaje, sawa tu. Haya, nenda kaishi na mtu wa namna hiyo miaka arobaini, kisha uje unisimulie.

Studio ikawa chumba cha kuvulia nguo cha sauna yao, bafu la mvuke, kile kibanda cha magogo kilicho nyuma ya ghala. Hapakuwa na mahali pengine ambapo matrekta hayasikiki. Hillevi aliweka kompyuta juu ya meza ya kukunja, akanunua maikrofoni moja, akatundika ukutani mikeka ya matambara na mataulo yote ya nyumba ili sauti isirukeruke. Shemeji yake Kalervo, mdogo wake Taisto, akaja na akodiani yake kifuani, akapiga sehemu yake. Siku ya pili akarudi na gitaa la besi, lile la sauti nzito. Kalervo ndiye kiongozi wa bendi ya banda la dansi kule mtoni, na maneno yote ambayo kaka yake hakuyasema maishani aliyarithi yeye.

"Shemeji, ukishakuwa staa utatukumbuka sisi?"

"Wewe piga, acha domo. Umekosea ubeti wa pili."

"Sikukosea, nimepamba."

"Basi ondoa mapambo yako, tuanze upya."

Wimbo wenyewe ulikuwa wa kisanduku cha mwisho barabarani, cha mjane mmoja asiyepata barua, na mpeleka barua aliyekuwa akisimamisha gari pale kila siku, hata akiwa mikono mitupu, ili mjane asije akaona gari linapita bila kusimama. Hillevi hakusema kama ni kisa cha kweli. Sisi tulikuwa tunaliona lile gari.

Sasa tuje kwenye spika, maana huko ndiko kulikomtoa jasho. Kurekodi si mwisho wa kazi. Sauti inabidi zichanganywe, hii ipande, ile ishuke, mpaka kila kitu kikae mahali pake, na hilo unalifanya kwa kusikiliza kwenye spika. Hillevi alichukua zile za sebuleni, masanduku mawili yenye kimo cha ndama, akayasukumiza kwenye pembe mbili za kile chumba kwa kuwa hayakuenea penginepo. Jamani, besi! Gitaa la Kalervo liliunguruma mpaka ndoo ya kuogea ikawa inatetemeka kwenye msumari wake. Hillevi akaona besi imezidi, akaipunguza. Ikaunguruma. Akaipunguza tena, na tena, mpaka ndoo ikatulia kabisa. Hapo akafurahi, akamwita mumewe asikilize.

"Sawa tu," akasema Taisto.

Mwezi wa tano banda la dansi likafunguliwa. Kalervo alikuwa ameahidi kwamba bendi ikienda kunywa kahawa, atauweka wimbo wa shemeji kwenye mitambo ya banda. Watu wakiucheza, bendi itaupiga kiangazi chote. Wasipoucheza, basi. Kwetu hakuna kupiga makofi wala kuzomea. Wanaume wanasimama upande huu, wanawake upande ule, na muziki ukianza mwanamume anavuka sakafu, anamwinamia mwanamke, wanaingia uwanjani. Hiyo ndiyo kura yetu, hatuna nyingine.

Wimbo ukaanza. Hakuna aliyevuka. Watu walitazama viatu vyao. Wengine waligeuka kuuangalia mto, utadhani umechimbwa leo. Sauti ya Hillevi ilisikika vizuri, akodiani nayo ilisikika, lakini vyote vilielea juu juu. Chini hapakuwa na kitu, na mguu haukujua ukanyage wapi. Dakika tatu na nusu sakafu ilikaa tupu. Hillevi alikuwa amesimama karibu na dirisha la kuuzia kahawa, masikio yanawaka moto, na alitamani ardhi ipasuke immeze pale pale. Jirani mmoja alimshika bega, akamwambia wimbo ni sawa tu. Alikuwa na nia njema, maskini.

Njiani kurudi nyumbani Hillevi hakusema neno. Taisto naye hakusema, lakini hiyo ni kawaida yake.

Asubuhi yake Kalervo akaja, kofia mkononi. "Shemeji, nakupa nafasi moja nyingine. Mkesha wa sikukuu ya Yohana, mwezi wa sita, banda litakuwa limefurika. Lakini watu wakisimama tena kama nguzo, usiniombe ya tatu. Wenzangu wa bendi wameshaanza kunitania."

"Besi ilikwenda wapi, Kalervo? Kule sauna ilikuwa inatikisa ndoo!"

"Labda imebaki na ndoo."

Alikuwa anatania, na kumbe amesema kweli kuliko alivyojua. Hillevi aliendesha gari mpaka mjini Seinäjoki, kwenye duka la vyombo vya muziki, akahudumiwa na binti mmoja anayeitwa Minttu, mwenye nywele za kijani na kipini puani. Hillevi alimweleza kila kitu, pamoja na aibu yake, kwa sababu mtu usiyemjua ni rahisi kumweleza aibu.

"Na hizo spika ziko wapi chumbani?" Minttu aliuliza.

"Kwenye pembe."

Minttu alifumba macho kama aliyekanyaga msumari. "Mama yangu. Chumba kidogo, spika kubwa, halafu umezibana kwenye pembe? Ile besi haikuwa ya wimbo wako, ilikuwa ya chumba. Ukaona imezidi, ukapunguza ya wimbo. Ulipoupeleka wimbo bandani, ya chumba ikabaki chumbani."

"Yaani wiki zote zile," akasema Hillevi, "nilikuwa natengeneza muziki wa sauna."

Minttu hakuwa na mbavu. Akamwekea jozi mbili za spika za studio kwenye meza. Moja kubwa, za inchi nane, nyeusi za kung'aa. Nyingine ndogo, za inchi tano, za rangi ya kijivu, zina sura ya vibweta vya kuwekea mkate. Zile kubwa zilipoimba, Hillevi alisisimkwa mpaka vinyweleo vya mikono vikasimama. Zile ndogo zilikuwa na sauti kavu, kama mtu anasoma utabiri wa hali ya hewa.

"Nipe hizi kubwa," akasema Hillevi.

"Polepole, mama. Spika za sebuleni kazi yake ni kukufurahisha. Za studio kazi yake ni kukuambia ukweli, tena bila adabu. Na hapa dukani pana nafasi, kwako hapana. Chukua zote nyumbani, baada ya wiki unirudishie jozi moja."

"Nitajuaje ni zipi zinasema ukweli?"

"Piga kitu ambacho ukweli wake umeshaujua," akasema Minttu, akaenda kumhudumia mtu wa ngoma.

Nyumbani Hillevi alizipandisha spika juu ya makreti ya plastiki aliyopewa posta siku ya kuagwa alipostaafu. Taisto alisimama mlangoni akayatazama yale makreti kwa muda, akaondoka. Alikuwa seremala maisha yake yote, kazi mbovu inamuuma kama jino. Alirudi na futi ya kukunja.

"Kaa," akamwambia mkewe.

"Ya nini tena?"

"Kaa wima."

Akapiga goti, akapima kutoka sakafuni mpaka kwenye sikio la mkewe. Hillevi akamuuliza kama anampimia jeneza. Taisto aliandika namba kwenye kiganja cha mkono na kwenda zake karakanani. Kesho yake kukawa na stendi mbili za mbao za msonobari, laini kama sabuni, urefu wake sawasawa na sikio la Hillevi akiwa amekaa. Akazisimamisha mbali na kuta, mbali kabisa na pembe, akapima tena: kutoka spika hii mpaka ile, na kutoka kila moja mpaka kichwani kwa mkewe, urefu uleule pande zote tatu.

"Nani kakufundisha haya?"

"Imeandikwa kwenye karatasi ndani ya boksi," akasema Taisto. Hillevi alikuwa hajaisoma.

Tatizo likabaki siku ya Jumamosi, siku ya kuoga sauna kwetu. Hillevi aliomba, jamani, Jumamosi moja tu tusiwashe sauna, moto utaharibu vitu. Taisto akamwangalia kana kwamba ameambiwa auze nyumba. "Jumamosi ni Jumamosi." Kwa hiyo wakabeba stendi, spika, kompyuta, mikeka na meza mpaka jikoni, wakaoga mvuke wao, na Jumapili wakavirudisha vyote, Taisto akipima upya kwa futi yake bila kulalamika.

Jumatatu Hillevi akapiga kitu ambacho ukweli wake ameshaujua: ule wimbo uliokufa bandani, vilevile ulivyokuwa, hakugusa kitu. Kwenye spika kubwa ulikuwa mtamu. Mtamu kweli, hata angeweza kuapa kwamba watu wa bandani ndio waliokuwa viziwi. Kwenye spika ndogo akaona hajui. Mtu aliyetunga wimbo anausikia hata pale usipokuwepo. Kila penye pengo, kichwa chake kilijaza. Akazirudia jozi zote mbili mpaka akachanganyikiwa, ndipo akamwita mumewe.

Taisto alivua mabuti mlangoni, akaketi kwenye benchi na soksi zake za sufu, ya kulia ina tundu kwenye kidole gumba. Akapigiwa kubwa.

"Sawa tu."

Akapigiwa ndogo.

"Sawa tu."

"Yesu wangu, Taisto!" Hillevi alikaribia kulia. Aliinamisha kichwa, na kwa kuwa ameinamisha kichwa, macho yake yakaangukia sakafuni. Akarudisha spika kubwa. Kidole gumba cha Taisto, kile cha kwenye tundu, kilikuwa kinapanda na kushuka, taratibu, kwa mapigo. Akabadilisha kwenda ndogo. Mguu ukanyamaza, ukawa kama gogo. Alibadilisha mara tatu, na mara zote tatu ikawa vilevile. Spika ndogo zilimfanya mguu wa Taisto ufanye kile walichofanya watu wa bandani.

Basi ikajulikana. Zile kubwa, kwa uzuri wao wote, zilikuwa zinamvika kilemba cha ukoka. Kesho yake Taisto alizibeba mpaka kwenye gari, akalipigapiga boksi mgongoni kabla ya kufunga mlango, kama anayeagana na farasi.

Hapo kazi ikaanza kweli. Hillevi alipandisha besi, akamwita mumewe asikilize. "Sawa tu," na mguu kimya. Alipandisha zaidi. Kimya. Aligundua kwamba sauti nzito za mkono wa kushoto wa akodiani ya Kalervo zilikuwa zimeikalia besi, haipumui, akazipunguza. Kimya. Akaondoa mwangwi aliokuwa amejaza kwenye sauti yake ili kuficha woga, akajisikia kwa mara ya kwanza alivyo, bila pambo. Alitishika kidogo, kisha akaona anaweza kuvumilia. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na yale majibu yakawa yaleyale.

Alhamisi moja, saa ya kahawa na mikate ya iliki, mguu ukaanza. Kwanza kidole. Halafu kisigino nacho kikajiunga, na wimbo ulipofika kwenye kile kisanduku cha mwisho, goti zima lilikuwa linacheza. Hillevi aliuhifadhi wimbo, akaunakili mara mbili, akampelekea Kalervo jioni ileile kabla hajabadili mawazo.

Lakini wasiwasi ukamwingia. Alianza kujiuliza: mwanamume anayeweza kunywa kikombe kizima cha chumvi ili asimuumize mkewe, ni kitu gani kitamzuia kutikisa mguu? Huenda alikuwa amemwona anavyotazama chini. Huenda amechoka kuitwa kila siku, akamhurumia. Na kama ni huruma, basi sakafu itakaa tupu tena mbele ya bonde zima, na huo ndio utakuwa mwisho wake wa kupaza sauti.

Mkesha wa Yohana banda lilifungwa matawi ya mibetula milangoni, magari yakajaa mpaka kwenye shamba la shayiri. Ilipofika saa mbili usiku jua lilikuwa bado juu linachoma, kama kawaida ya kiangazi chetu. Bendi ikaweka vyombo chini, ikaenda kunywa kahawa. Kalervo akamwinulia shemeji yake nyusi, akabonyeza.

Akodiani iliingia. Kisha besi ikaingia chini yake, na mbao za sakafu zikaipokea. Hillevi alikuwa ameshika ukingo wa dirisha la kahawa kwa mikono yote miwili. Hakuna aliyevuka. Ubeti wa kwanza ukafika katikati, bado. Ndipo bwana mmoja mrefu, mgeni, hakuna aliyemjua ametoka kijiji gani, alivuka sakafu akamwinamia mama mmoja mwenye gauni la buluu. Baada yake wakaja wawili. Baada ya wawili sikuweza kuhesabu tena, sote tulivuka, tukapigana vikumbo kama vijana. Hillevi alifunika mdomo kwa mkono, machozi yanamtoka waziwazi, hakuyafuta.

Taisto akatoka upande wa wanaume. Ana goti bovu, na hajacheza tangu walipovunja banda la zamani. Alivuka sakafu nzima akichechemea, akainama mbele ya mkewe kama sheria inavyotaka.

Wakacheza. Wimbo ukaisha, na hakuna aliyeondoka, maana kwetu mtu hamrudishi mwanamke baada ya wimbo mmoja, ni matusi. Nyimbo ni mbili mbili. Watu wote walisimama pale pale uwanjani wakishikana mikono, wanangoja wa pili. Kalervo hakuwa na wa pili. Tulimwona akikimbia kutoka kwenye kahawa, mkate mdomoni.

"Mzee," Hillevi alinong'ona wakiwa wanangoja, "niambie kweli. Ule mguu wako. Ulikuwa unautikisa kunionea huruma?"

Taisto alitazama viatu vyake. "Nilijua unautazama. Tangu siku ile ulipobadilisha mara tatu."

Hillevi akaulegeza mkono wake mkononi mwa mumewe.

"Kwa hiyo nikaukaza," akasema Taisto. "Wiki mbili na nusu nilikuwa naukaza usitikisike. Nilisema hautikisiki mpaka wimbo unishinde nguvu. Alhamisi ile ulinishinda."

"Lakini kahawa ya chumvi uliinywa!"

"Kahawa ilikuwa yangu peke yangu. Wimbo ni wa watu."

Kalervo alikuwa amefika kwenye mitambo, na kwa kuwa hakuwa na kingine, akaurudisha uleule tangu mwanzo. Taisto akamvuta mkewe karibu, akafungua mdomo, na Hillevi akajiandaa kusikia yale maneno mawili ya miaka arobaini.

"Mzuri," akasema Taisto. "Mzuri sana, mke wangu."

Hillevi alishtuka hata akakosea hatua, akaukanyaga mguu wa mumewe, ule ule wa kulia.